Dau la Mnyonge Haliendi Joshi: Mwendo wa Upepo Katika Mashamba ya Vinu vya Umeme

Utangulizi

Mabaharia wa Uswahilini hawakuuona upepo kuwa kitu kimoja. Waliupa majina kulingana na majira yake, mwelekeo wake na saa yake: kaskazi, kusi, matlai, umande. Isitoshe, walizipa majina pande za chombo kwa kuutazama upepo. Upande unakotoka upepo uliitwa joshini, na upande unakoelekea ukaitwa demani. Ni kutokana na ujuzi huo kwamba tunayo methali isemayo: dau la mnyonge haliendi joshi. Maana yake ya nje ni ya ubaharia, yaani chombo kidogo chenye tanga dhaifu hakiwezi kuukabili upepo. Maana yake ya ndani anaijua kila mwanafunzi wa fasihi simulizi: asiye na nguvu hapati njia mbele ya wenye nguvu.

Makala haya yananuia kueleza jambo la kisayansi ambalo limeipa methali hiyo maana ya tatu. Katika miongo ya hivi karibuni, watu wameanza kuvuna umeme kutokana na upepo kwa kusimamisha vinu vingi mahali pamoja. Mahali hapo huitwa shamba la upepo au shamba la vinu. Imedhihirika kwamba kinu kilichosimama joshini hukipunguzia upepo kinu kilichosimama demani, na shamba zima la joshini hulipunguzia upepo shamba la demani hata kama yametengana kwa makumi ya kilomita. Kwa hiyo swali la jinsi hewa inavyokwenda kati ya vinu si la wahandisi peke yao. Ni swali la mali, la ujirani na la haki. Aidha, kwa wanafunzi wa Kiswahili, ni swali la lugha: je, Kiswahili kina maneno ya kulieleza jambo hili barabara?

Kawi ya upepo na kipeo cha tatu

Msingi wa jambo lote hili ni kanuni moja ya hesabu. Kawi inayobebwa na upepo haiongezeki sawasawa na kasi yake, bali huongezeka kwa kipeo cha tatu cha kasi hiyo. Upepo ukiongeza kasi maradufu, kawi yake huwa mara nane. Sababu yake si ngumu. Kila kipande cha hewa chenye mwendo hubeba kawi inayolingana na kasi yake ikizidishwa kwa yenyewe. Zaidi ya hayo, kasi ikiongezeka, vipande vingi zaidi vya hewa hupita mahali pamoja kwa kila sekunde. Mambo hayo mawili yakizidishana, kipeo cha tatu hupatikana.

Kanuni hii ina pande mbili kama kisu. Kwa upande mmoja, anayejenga vinu vyake mahali penye upepo mkali kidogo tu kuliko kwa jirani hupata mavuno makubwa zaidi. Kwa upande mwingine, upungufu mdogo wa kasi huleta hasara kubwa. Tuchukue mfano wa upepo wa mita 10 kwa sekunde. Ukipungua hadi mita 8, kasi itakuwa imepungua kwa asilimia 20 tu, lakini kawi itakuwa imepungua kwa karibu nusu. Msomaji akiishika hesabu hiyo, atakuwa ameelewa kwa nini wenye vinu hugombania hata mita moja ya kasi.

Ni vyema pia ieleweke kwamba hakuna kinu kiwezacho kuichukua kawi yote ya upepo. Mwanafizikia Mjerumani Albert Betz alionyesha katika mwaka wa 1920 kwamba kiwango cha juu kabisa ni sehemu 16 kwa 27, yaani asilimia 59.3. Hoja yake ni nyepesi kuifuata. Kama kinu kingeichukua kawi yote, hewa ingesimama kabisa nyuma yake, na hewa iliyosimama ingewazibia njia wanaokuja nyuma, mithili ya umati uliokwama mlangoni. Ili upepo uendelee kuingia, sharti hewa iliyokwisha kutumika iondoke. Kwa hiyo kinu hulazimika kuiachia sehemu ya mwendo wake. Kinu kikivuna kwa ukamilifu wa kanuni hii, hewa huondoka nyuma yake ikiwa na thuluthi moja tu ya kasi iliyokuja nayo. Hewa hiyo iliyochoka ndiyo inayomfikia jirani.

Mkondo nyuma ya kinu

Yanayotokea nyuma ya kinu yanaweza kugawanywa katika hatua tatu.

Hatua ya kwanza huanzia mbele ya kinu chenyewe. Hewa inapoikaribia rafadha, yaani mapanga yote matatu pamoja na kitovu chake, huanza kupunguza mwendo hata kabla ya kuigusa. Shinikizo la hewa hupanda mbele ya rafadha na kushuka ghafla nyuma yake. Hewa inayopungua mwendo huhitaji nafasi kubwa zaidi ya kupitia, kama mto unavyopanuka unapofika bondeni. Ndiyo maana hewa iliyopita katika kinu hutanuka na kuwa pana kuliko rafadha iliyoipitisha.

Hatua ya pili ni ya karibu na kinu, kadiri ya vipenyo viwili hadi vinne vya rafadha. Hapa hewa haikupungua mwendo tu, bali pia inazunguka. Upepo unaposukuma mapanga kuelekea upande mmoja, mapanga nayo huisukuma hewa kuelekea upande wa pili. Aidha, katika ncha ya kila panga huzaliwa kisulisuli chembamba kinachojiviringisha na kurudi nyuma kwa umbo la mzunguko, kama uzi uliozungushwa kwenye bomba. Visulisuli hivi hufanya kazi isiyotarajiwa. Kwa muda mfupi huwa kama pazia linaloitenga hewa iliyochoka ya ndani na hewa yenye nguvu ya nje. Kadiri pazia hilo linavyodumu, ndivyo hewa ya ndani inavyochelewa kupata nguvu mpya.

Hatua ya tatu huanza pazia linaporaruka. Visulisuli huyumba, hugongana na kuvunjika. Hewa ya nje huingia ndani kwa msukosuko, na kasi huanza kurejea kidogo kidogo. Mkondo huendelea kupanuka huku upungufu wake ukififia, mpaka usiweze kutofautishwa na upepo wa kawaida.

Msukosuko, basi, una sura mbili. Kwa mavuno ya umeme ni rafiki, kwa kuwa ndio unaoichanganya hewa na kumrudishia jirani upepo wake. Kwa uhai wa mtambo ni adui. Panga linalopita katika hewa yenye msukosuko hupinda na kujinyosha mara nyingi kwa dakika moja, na chuma na nyuzi zake huchoka kabla ya wakati. Hali huwa mbaya zaidi pale mkondo unapokifunika kinu nusu. Katika kila mzunguko, panga hutoka katika upepo mkali na kuingia katika upepo dhaifu, kisha hurudi tena. Kinu cha demani hupata hasara mara mbili: huvuna kidogo na huzeeka upesi.

Picha ya Horns Rev

Hewa haionekani, na kwa miaka mingi mikondo hii ilijulikana kwa vipimo na hesabu tu. Lakini tarehe 12 Februari 2008 asili yenyewe iliichora. Katika shamba la Horns Rev, lililo katika Bahari ya Kaskazini magharibi mwa Denmark, hewa ilikuwa imekaribia kujaa unyevu. Vinu vilipoichanganya hewa yenye joto na unyevu iliyokuwa karibu na maji na hewa baridi iliyokuwa juu yake, ukungu ulitanda nyuma ya kila kinu. Picha iliyopigwa asubuhi hiyo kutoka angani inaonyesha vinu vya safu ya mbele vikianzisha mikia meupe, na mikia hiyo ikivipita vinu vya nyuma, ikipanuka na kuungana mpaka ikawa blanketi moja. Picha hiyo sasa ni maarufu miongoni mwa wanafunzi wa fani hii ulimwenguni.

Shamba hilo lilijengwa mwaka wa 2002. Lina vinu 80, kila kimoja cha megawati 2 na chenye rafadha ya kipenyo cha mita 80. Vinu vimepangwa kwa safu, na umbali kati ya kinu na kinu ni mita 560, yaani vipenyo saba. Mtu aliyesimama kati ya vinu viwili vya namna hiyo angedhani vimetengana vya kutosha. Hata hivyo, vipimo vya shamba hilo vimeonyesha kwamba upepo unapovuma sambamba na safu, kinu cha pili hupoteza zaidi ya robo ya mavuno ukilinganisha na kile cha kwanza.

La kustaajabisha ni kwamba hasara hiyo haiendelei kukua kwa kiwango hichohicho. Kinu cha tatu hupata karibu sawa na cha pili, na cha nne hupungukiwa kidogo tu. Mtu angetarajia kila safu ile sehemu yake mpaka wa mwisho abaki na sahani tupu. Haiwi hivyo kwa sababu upepo hauji kutoka mbele peke yake. Hewa yenye kasi iliyo juu ya shamba hushuka kwa njia ya msukosuko na kuvilisha vinu vya ndani. Katika shamba kubwa sana, vinu vilivyo katikati huishi kwa upepo wa kutoka juu kuliko ule wa kutoka mbele. Hivyo basi, kikomo cha mavuno yao huwekwa na wepesi wa hewa ya juu kushuka.

Bara na bahari, mchana na usiku

Mnamo mwaka wa 1983, N. O. Jensen wa maabara ya Risø nchini Denmark alitunga hesabu fupi ya kukadiria upungufu wa kasi nyuma ya kinu. Aliuchukulia mkondo kuwa umbo la pia linalopanuka kwa kiwango kisichobadilika. Hesabu yake inahitaji mambo matatu tu: nguvu ya kinu ya kuukinza upepo, umbali wa jirani, na kiwango cha kupanuka kwa mkondo. Ingawa leo kuna programu za kompyuta zenye uwezo mkubwa zaidi, hesabu ya Jensen na zile zilizotokana nayo zingali zinatumika kwa makadirio ya haraka.

Siri imo katika jambo la tatu. Juu ya nchi kavu, ambako kuna vichaka, vilima na majengo, hewa huwa na msukosuko mwingi na mkondo hupanuka haraka. Kiwango kinachotumiwa kwa kawaida ni 0.075. Juu ya bahari, ambako hakuna cha kuikwaruza hewa, mkondo hupanuka polepole, na kiwango huwa karibu 0.05. Tuchukue upepo wa mita 10 kwa sekunde na kinu chenye ukinzani wa kawaida. Kwa hesabu hii, katika umbali wa vipenyo saba kasi huwa imerejea hadi takriban mita 8.7 bara, na mita 8.1 tu baharini. Ukitumia kanuni ya kipeo cha tatu, jirani wa bara atapata karibu thuluthi mbili za kawi, ilhali jirani wa baharini atapata zaidi ya nusu kidogo tu. Bahari, basi, ina upepo mzuri zaidi, lakini pia ina kumbukumbu ndefu zaidi ya aliyeutumia.

Tofauti nyingine ni ya mchana na usiku. Mchana jua huipasha ardhi joto, hewa ya chini hupanda, ya juu hushuka, na mikondo huvunjwa mapema. Usiku ardhi hupoa, hewa nzito hutulia chini na nyepesi hukaa juu, kila tabaka mahali pake. Hali hiyo ikitokea, mkondo husafiri mbali bila kusumbuliwa. Juu ya bahari, ndege za utafiti zimepima mikondo ya mashamba makubwa ikienda makumi ya kilomita hewa inapotulia namna hii.

Ni lazima pia kuongeza kwamba kuna wakati hasara hii hutoweka kabisa. Kila kinu kina kikomo cha umeme kiwezacho kutoa. Upepo ukiwa mkali mno, kinu cha mbele huyageuza mapanga yake ili kiachilie sehemu kubwa ya hewa ipite, na ile inayopita hutosha kumshibisha jirani pia. Panapo shibe, hakuna ugomvi. Ugomvi huzaliwa katika pepo za wastani, ambazo ndizo nyingi.

Loiyangalani: mahali ambapo upepo una njia moja

Mfano ulio karibu nasi ni ule wa Loiyangalani katika Kaunti ya Marsabit. Shamba la Ziwa Turkana lina vinu 365, kila kimoja cha kilowati 850, na kwa jumla linaweza kutoa takriban megawati 310. Liliunganishwa na gridi ya taifa mwaka wa 2018, likazinduliwa rasmi mwaka wa 2019. Rafadha zake zina kipenyo cha mita 52, ambacho ni kidogo kwa viwango vya leo.

Upepo wa eneo hilo una historia ya kisayansi inayostahili kufahamika na wasomi wa Kenya. Mwaka wa 1982, Joseph Kinuthia na mwenzake G. C. Asnani walichapisha utafiti uliobainisha mkondo wa upepo mkali unaopita kaskazini mwa nchi, katika njia iliyo kati ya milima ya Kenya na nyanda za juu za Ethiopia. Upepo wa kutoka kusini mashariki hukusanywa na milima hiyo miwili, hubanwa, na kwa kubanwa huongeza kasi, kama maji yanavyokwenda mbio mfereji unapokuwa mwembamba. Upepo huu huvuma karibu mwaka mzima, na huwa mkali zaidi usiku na alfajiri.

Kwa mpangaji wa vinu, upepo wenye njia moja ni neema. Mahali ambapo upepo hubadilika-badilika, hakuna mpangilio unaoweza kumwepusha kila mmoja na mkondo wa mwenzake, kwa sababu aliye joshini leo huwa demani kesho. Upepo wa Turkana haubadiliki sana. Kwa sababu hiyo, vinu vinaweza kupangwa katika mistari inayoukingama upepo, kinu kikiwa karibu na mwenzake ubavuni lakini mstari ukiwa mbali na mstari wa nyuma. Ni kama watu wanaosali: bega kwa bega katika safu moja, ila nafasi ya kutosha huachwa kati ya safu na safu.

Hata hivyo, neema hiyo ina upande wa pili. Mahali ambapo upepo una njia moja, joshi ni joshi milele na demani ni demani milele. Anayejenga joshini hawezi kulipa deni lake upepo ukigeuka, kwa sababu upepo haugeuki. Iwapo mashamba mapya yatajengwa katika njia hiyohiyo ya upepo, mpangilio wa nani atangulie na nani afuate hautakuwa jambo dogo.

Kuukwepesha mkondo

Wataalamu hawakukaa bure. Njia ya kwanza ya kupunguza hasara ni kutenganisha vinu, lakini nafasi hugharimu ardhi, barabara na nyaya. Njia ya pili ni kuvipanga kwa kupishana, ili kinu cha nyuma kisimame katika mwanya wa vile vya mbele.

Njia ya tatu inavutia zaidi. Kwa desturi, kila kinu hujigeuza ili kiukabili upepo uso kwa uso, na hivyo kuvuna kadiri kiwezavyo. Watafiti walijiuliza itakuwaje kinu cha mbele kikijigeuza kidogo upande. Chenyewe kitapoteza sehemu ya mavuno yake, lakini mkondo wake utapinda na kumkosa jirani. Mwaka wa 2019, Michael Howland, Sanjiva Lele na John Dabiri walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika safu ya vinu sita huko Alberta nchini Kanada. Katika mielekeo ya upepo iliyofaa na kasi ya wastani, mavuno ya safu nzima yaliongezeka kwa asilimia 7 hadi 13. Katika upepo dhaifu wa usiku ongezeko lilikuwa kubwa zaidi. Ukihesabu mwaka mzima ongezeko hupungua sana, kwa kuwa upepo hauvumi kila siku sambamba na safu. Lakini funzo lake linabaki: kila kinu kikitafuta faida yake peke yake, jumla hupungua, na mmoja akikubali kupungukiwa kidogo, wote hufaidika.

Ni nani mwenye upepo?

Mfano huo unafanikiwa kwa urahisi vinu vyote vikiwa vya mwenye mali mmoja. Je, vikiwa vya wenye mali wawili? Hakuna atakayegeuza kinu chake ili jirani apate.

Nchini Marekani, mwaka wa 2018, Julie Lundquist na wenzake walichapisha utafiti kuhusu mashamba jirani katika jimbo la Texas. Walionyesha kwamba shamba lililojengwa joshini lilimpunguzia mwenzake mavuno yenye thamani ya mamilioni ya dola. Walibainisha pia kwamba sheria haikuwa na jawabu la wazi juu ya nani alipaswa kumlipa nani. Mwaka wa 2019, kampuni ya Ørsted ya Denmark ilitangaza kwamba ilikuwa imekadiria mavuno yake kupita kiasi, na ikataja sababu mbili: athari ya mikondo, na namna shamba zima linavyoukinza upepo hata kabla haujaingia ndani. Katika miaka ya 2020, wenye mashamba ya zamani katika Bahari ya Ireland walianza kulalamikia mashamba mapya yaliyopangwa kujengwa joshini mwao.

Mwelekeo wa sheria za maji unaweza kutoa mwanga. Katika jamii nyingi, aliye juu ya mto haruhusiwi kuuzuia wote usimfikie aliye chini. Upepo nao ni mto, ila kingo zake hazionekani na kitanda chake huhama. Kwa hiyo haki ya upepo haiwezi kuamuliwa kwa kupima mipaka ya ardhi tu. Sharti ipimwe kwa kujua upepo unatoka wapi, kwa kasi gani, na katika saa zipi.

Suala la istilahi

Wanafunzi wa Kiswahili watakuwa wametambua kwamba maelezo yaliyotangulia yametegemea zaidi maneno yaliyokuwapo tangu zamani kuliko maneno ya kuundwa. Dhana iliyo muhimu kuliko zote, ile ya hewa iliyochoka nyuma ya kinu, imepewa jina la mkondo. Uteuzi huu unahitaji kutetewa, kwa kuwa wapo wanaopendelea kusema kivuli cha upepo.

Kivuli ni neno zuri na hueleweka mara moja. Lakini lina kasoro. Kivuli ni ukosefu tu: mwanga umezuiwa, basi. Hakitikisiki, hakizunguki, wala hakivunji kitu. Vilevile hufuata mstari ulionyooka na hakiwezi kupindwa. Anayefikiri kwa kivuli hatatarajia kwamba mapanga ya jirani yatachoka mapema, wala hataelewa jinsi kinu kinavyoweza kuukwepesha mkondo wake. Mkondo, kwa upande mwingine, ni neno ambalo mabaharia walikwisha kulitumia kwa njia inayoachwa majini na chombo kinachopita. Lina mwendo ndani yake, lina msukosuko, na hufifia kwa umbali. Tatizo lake ni kwamba lina maana nyingi, ikiwamo ya maji au hewa yoyote inayokwenda. Hata upepo wa Turkana huitwa mkondo. Kwa sababu hiyo inafaa kusema mkondo wa kinu pale ambapo utata unaweza kuzuka.

Hali kadhalika, joshini na demani ni maneno yanayostahili kurejeshwa. Wandishi wengi husema mbele ya upepo na nyuma ya upepo, lakini semi hizo hutatanisha, maana haijulikani kama mbele ni unakotoka au unakokwenda. Joshini haina utata huo. Demani nayo ina maana ya pili, yaani majira ya utulivu yanayofuata kusi kali, lakini muktadha hutenganisha maana hizo mbili bila taabu. Kwa kifupi, lugha iliyolelewa na matanga haiwezi kushindwa na mapanga.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba upepo unaopita katika kinu hutoka ukiwa na kasi ndogo na msukosuko mwingi. Kwamba hali hiyo hutegemea ardhi, bahari, mchana na usiku. Na kwamba hasara yake huzidishwa na kanuni ya kipeo cha tatu. Imeonyeshwa pia kwamba mahali kama Loiyangalani, ambapo upepo hauna desturi ya kugeuka, nafasi ya kila mmoja katika safu huwa ya kudumu.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na inadai umma ushirikishwe katika maamuzi yanayouhusu. Matakwa hayo mawili hayatenganiki. Mwananchi anayeitwa kwenye mkutano kuhusu shamba la vinu litakalojengwa karibu na kwake hawezi kuuliza swali la maana iwapo jambo lenyewe halina jina katika lugha anayoifahamu. Atauliza habari za ajira na barabara, na hayo ni mambo ya haki kuulizwa. Lakini hatauliza ni nani atakayekaa joshini. Ni wajibu wa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kumpa neno hilo mapema, ili siku ya kugawana upepo dau lake nalo lipate njia.